Ng'ombe Aliyepotea Ndani ya Faili

Neno ng'ombe limo. Notepad inalionyesha, mstari wa pili, halina shaka. Unalifungua faili lilelile kwenye kihariri cha heksi, programu huria ya bure inayoonyesha kila baiti ya faili (nambari ya 0 hadi 255) kwa tarakimu mbili za heksi, 00 hadi FF, unabonyeza Ctrl+F, unaandika ng'ombe, unagonga Enter.

Hakuna kilichopatikana.

Unarudia, jibu ni lile lile. Unapunguza, unatafuta "ombe" peke yake, na hilo linapatikana papo hapo. Kufikia hapo mtu yeyote ana haki ya kuwaandikia watengenezaji kwamba kutafuta ni kubovu, na wengi ndivyo wanavyoandika: sentensi moja, labda na picha ya skrini.

Ripoti za namna hii zimenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Ukiisoma haraka unaifunga: mtumiaji amekosea, programu haina kosa. Ukiisoma mara ya pili unaanza kusita. Kosa la mtumiaji lipo, ila programu ilimwona anakosea ikanyamaza.

Baiti saba, baiti tisa

Kiswahili kina bahati moja kwenye kompyuta. Herufi zetu zote zimo ndani ya ASCII, orodha ya zamani ya herufi 128 za kompyuta, kwa hiyo mtu anaweza kuandika miaka kumi bila kujua kwamba kuna kitu kinaitwa usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti. Mfaransa anayeandika é kila siku alishaumia zamani, akajifunza. Sisi tunategwa na alama moja tu, ritifaa.

Ukiandika ng'ombe kwa ritifaa ya kawaida ya kibodi, unapata baiti saba:

6E 67 27 6F 6D 62 65

Ukiandika neno hilohilo kwenye Word, au kwenye iPhone ambayo mipangilio yake haijaguswa, programu inakurembea ile alama. Ritifaa iliyonyooka inageuka kuwa iliyopinda, U+2019 kwa nambari yake ya Unicode, ambayo kwa UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi leo, huchukua baiti tatu:

6E 67 E2 80 99 6F 6D 62 65

Hizo ni tisa. Kwa jicho la msomaji ni ng'ombe yuleyule. Kwa kihariri cha heksi ni wanyama wawili tofauti, na ulimtafuta wa kwanza katika zizi la wa pili.

Hawaishii wawili. Faili likiwa limehifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows-1252, ritifaa iliyopinda ni baiti moja, 92. Likiwa ni UTF-16, kila herufi inachukua baiti mbili, na neno linaanza 6E 00 67 00 19 20. Kuna pia wanaoandika kwa alama ya kufungulia nukuu, E2 80 98, na wataalamu wa lugha wanaotumia ʼ ya U+02BC, ambayo ni CA BC.

Safu ya maandishi iliyo upande wa kulia haisaidii sana. Vihariri vingi huchapa nukta pale ambapo baiti haimo kwenye ASCII, hivyo utaona ng...ombe. Vinavyotumia Windows-1252 upande huo vitaonyesha ngâ€™ombe. Anayejua anaelewa mara moja. Asiyejua anafikiri faili limeharibika, na hiyo inakuwa ripoti ya pili.

Jibu la haraka, na kwa nini ni baya

Jibu linalomjia kila mtu ni kuifanya programu iwe na huruma: itafute ritifaa za kila aina, itafute UTF-8 na UTF-16 kwa mpigo, ilete zote.

Hapana.

Kihariri cha heksi ndicho mahali pa mwisho ambapo mtu anakwenda akiwa hamwamini tena mwingine. Kivinjari kinapamba, Word inapamba, hata Notepad inakisia usimbaji kabla ya kukuonyesha kitu. Mtu aliyefika kwenye heksi anataka kuona kilichopo. Siku kihariri kitakapomwambia kwamba 27 na E2 80 99 ni kitu kimoja, kitakuwa kimeficha kosa hasa ambalo huyo mtu alikuja kulisaka. Huenda mfumo wake wa malipo unakataa jina la Ng'ang'a kwa sababu hiyohiyo.

Lakini kumwachia mtumiaji ajue mwenyewe nako si jibu. Kilichonigeuza mawazo ni kutazama kile kisanduku cha kutafuta kama mtu asiyewahi kukiona. Kimeandikwa: hakuna kilichopatikana. Hakisemi nini hakikupatikana. Mtu aliandika herufi, programu ikazigeuza baiti kwa kanuni ambayo haikuitaja, ikatafuta kuanzia pale kishale kilipokuwa (pengine katikati ya faili), ikafika mwisho, ikasimama.

Ujumbe ungeweza kusema hivi: *Nimetafuta 6E 67 27 6F 6D 62 65 (UTF-8), kuanzia 0x1F40 hadi mwisho wa faili. Sikupata.*

Mstari huo hauongopi hata kidogo, na unamfundisha mtu mambo matatu kwa mpigo. Ataona 27. Ataona UTF-8. Ataona kwamba nusu ya kwanza ya faili haikuguswa. Ripoti tatu kati ya zile zinazojirudia zingekufa hapo kabla hazijaandikwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wa programu amezoea kuruka shimo lililo mlangoni mpaka halioni tena. Anayetumbukia ndiye anayelionyesha, hata kama anaposimulia anasema ni mlango uliomwangusha.

Ulibandika nini, na upande gani?

Kuna lalamiko jingine ambalo huja kwa maneno mengi tofauti na mzizi wake ni mmoja: nimebandika, faili likaharibika.

Kishale kinaweza kukaa upande wa heksi au upande wa maandishi. Nakili FF D8 kutoka mahali fulani. Ukibandika upande wa heksi, zinaingia baiti mbili, FF na D8, ambazo ni mwanzo wa kila picha ya JPEG. Ukibandika upande wa maandishi, zinaingia herufi ulizoziona: 46 46 20 44 38. Baiti tano, na moja ni nafasi tupu. Tofauti pekee kwenye skrini ni mahali kishale kilipokuwa kinamemeta.

Halafu kuna kuchomeka na kufunika. Anayetoka kwenye vihariri vya maandishi amezoea kuchomeka: ukiandika, vilivyo mbele vinasogea; kufunika huandika juu ya vilivyopo. Kwenye faili la maandishi hilo halina madhara. Kwenye faili la jozi, lisilo la maandishi matupu, ni msiba. ZIP ina orodha yake mwishoni, na kila ingizo ndani ya orodha hiyo linasema faili fulani linaanza ofseti fulani, yaani umbali wa baiti kutoka mwanzo. Chomeka baiti moja mwanzoni na kila anwani imekosea kwa moja. Hati za .docx ni ZIP. APK za Android ni ZIP. PDF nayo ina jedwali lake la ofseti, ingawa visomaji vingi vya PDF hulijenga upya kimyakimya, na hapo mtu haoni kosa hadi anapolituma faili kwa mtu mwenye kisomaji kikali.

Hex Fiend, kihariri cha heksi cha macOS, ina hali tatu, kuchomeka, kufunika na kusoma tu. Hiyo ya tatu ndiyo ningependa kila kihariri kianze nayo. Wanaofungua faili kutazama tu ni wengi, na kidole kimoja kilichopotea kwenye kibodi kinatosha kuharibu mambo.

Na hata ukifunika vizuri bila kusogeza chochote, faili linaweza kukukataa. Upana wa picha ya PNG umeandikwa kuanzia ofseti 0x10, baiti nne. Badilisha baiti mbili tu hapo na picha haifunguki kwenye programu nyingi, kwa sababu kwenye 0x1D kuna nambari ya uhakiki, CRC, iliyokokotolewa juu ya baiti 17 zilizotangulia. Kihariri kimefanya kazi yake barabara. Anayelalamika hapa anahitaji maelezo ya PNG, na ni haki kumwambia hivyo kwa sentensi mbili badala ya kufunga ripoti yake bila neno.

Saa tisa usiku

Vihariri vingi vina kidirisha cha kukisia thamani: unaweka kishale kwenye baiti, kinakuonyesha ni nambari gani, tarehe gani. Hiki kidirisha huvuta malalamiko kama taa inavyovuta kumbikumbi.

Chukua baiti nne hizi: 80 00 92 65.

Ukizisoma kwa mpangilio wa baiti ndogo kwanza, ni 1704067200, yaani sekunde zilizohesabiwa tangu 1970 mpaka tarehe 1 Januari 2024, saa 00:00 UTC (saa ya dunia). Kihariri kinachotumia saa ya kompyuta yako Dar es Salaam au Nairobi kitaonyesha 03:00. Zote mbili ni sahihi. Mtumiaji mmoja ataripoti kwamba saa imezidi kwa matatu, na mwingine, kihariri kikirekebishwa, ataripoti kwamba imepungua kwa matatu. Dawa si kuchagua upande. Dawa ni kuandika herufi tatu, UTC, pembeni ya saa.

Ukizisoma baiti hizohizo kwa mpangilio wa kubwa kwanza, unapata mwaka 2038, au 1901 kama kidirisha kinahesabu nambari zenye alama ya kutoa. Kitufe cha kubadili mpangilio huwa kidogo, kimejificha kwenye kona, na hukumbuka ulichokichagua juzi.

Umeme ukikatika

Hili silipitii haraka, kwa sababu ni ripoti pekee katika kundi hili ambayo ninaamini kila mara, hata ikija bila maelezo: nilihifadhi, umeme ukakatika, faili limekuwa la baiti sifuri.

Kuna njia mbili za kuhifadhi. Ya kwanza ni kuandika palepale, ndani ya faili lililopo. Ni nyepesi, haihitaji nafasi ya ziada kwenye diski, na kwa faili la GB 60 ndiyo pekee inayovumilika. Hex Fiend imejengwa hivyo kwa makusudi. Hatari yake ni kwamba umeme ukikatika katikati, unabaki na faili lenye nusu mpya na nusu ya zamani.

Ya pili ni kuandika nakala nzima pembeni kwa jina la muda, kisha kuibadilisha jina ichukue nafasi ya faili la awali. Ukikatika umeme, la zamani bado lipo. Gharama yake ni nafasi maradufu, na wakati mwingine mmiliki au ruhusa za faili hubadilika.

Baiti sifuri hutoka kwenye njia ya tatu ambayo haikupaswa kuwepo: kulifungua faili kwa kulifuta kwanza, kisha kuanza kuandika. Hutoka pia kwenye njia ya pili ikifanywa kwa haraka, bila kuita fsync, amri ya kulazimisha yaliyomo yaandikwe diskini, kabla ya kubadili jina. Mfumo wa faili unaweza kuandika jina jipya kwenye diski kabla ya kuandika yaliyomo. Mwaka 2009, mfumo wa faili wa ext4 ulipoanza kuenea kwenye Linux, mafaili ya baiti sifuri yalizua ubishi mkubwa kwa sababu hiyohiyo, na kiini cha Linux 2.6.30 kikawekewa kinga. Kinga haiondoi wajibu wa mwandishi wa programu.

Leseni ya GPL, inayotumiwa na programu nyingi huria, inasema wazi kwamba programu haina dhamana. Inamkinga mwandishi mahakamani, haimkingi na hili. Asiyewahi kukaa mahali umeme unapokatika mara mbili kwa siku anaweza kuliona kama tukio la nadra. Ndiyo maana ripoti kutoka kwetu ina uzito wake: inajaribu kitu ambacho kompyuta ya msanidi haijaribiwi nacho.

Ndugu wa karibu wa hili ni flashi. Kihariri kinacholiunganisha faili na kumbukumbu ya kompyuta bila kulisoma lote hufungua faili kubwa kwa kufumba na kufumbua. Chomoa flashi kabla hujalifunga na programu inaanguka, kwa sababu imegusa kipande cha faili ambacho hakipo tena. Mtumiaji ataandika kwamba inajifunga yenyewe. Hawezi kujua kwamba flashi inahusika, isipokuwa aulizwe faili lilikuwa wapi.

Kompyuta ambayo haifungui kabisa

Hapa sina mengi. ImHex, kihariri cha heksi cha kisasa chenye lugha yake ya kuelezea miundo ya mafaili, huchora skrini yake kwa OpenGL, mfumo wa kuchora kwa kadi ya picha, na inahitaji toleo la 3.0 au zaidi. Kwenye laptopu ya zamani au ndani ya mashine pepe inaweza kukataa kuwaka. Kwa Windows kuna toleo lake liitwalo NoGPU, linalochora kwa prosesa peke yake. Ni la polepole, ila linafunguka. Anayeripoti kwamba haifunguki aseme kadi ya picha na toleo la dereva. Ukubwa wa RAM hausaidii kitu hapo.

Ripoti inayoweza kurudiwa

Toleo la programu, mfumo wa kompyuta, hali ya kihariri (kuchomeka au kufunika), upande wa kishale, na ofseti. Ofseti iandikwe na 0x mbele, alama ya kuonyesha kwamba ni heksi. "Nafasi ya 100" ni baiti ya 100 kwa mmoja na ya 256 kwa mwingine, na saa nzima inaweza kupotea hapo.

Kuonyesha kilichobadilika, weka nakala kabla ya kuanza, kisha linganisha. Windows ina `fc /b kabla.bin baada.bin`, inayotoa ofseti kwa heksi kuanzia sifuri. Linux na macOS zina `cmp -l kabla.bin baada.bin`, na hii ina mtego: nafasi inazihesabu kwa desimali kuanzia moja, na thamani inazitoa kwa oktali (nambari za msingi wa nane). Mtu akinakili 342 kutoka kwenye cmp akidhani ni desimali, anayepokea atashangaa baiti gani inazidi 255. Ni E2.

Usitume faili lako zima. Nakala ya kumbukumbu au ya programu ya ruta inaweza kuwa na nywila ya Wi-Fi ndani yake, na kihariri cha heksi ndicho kifaa hasa cha kuiona. Kata kipande kwa `head -c 4096`, ukikague kwanza. Bora zaidi, tengeneza faili dogo linaloonyesha tatizo lilelile bila siri ya mtu.

Na ukiomba kitufe kipya, sema ulikuwa unajaribu kufanya nini. Anayeomba "kitufe cha kugeuza tarehe" mara nyingi amekwama kwenye mpangilio wa baiti, na kitufe kipo tayari, kwenye ile kona.

Faili la majaribio

Hili ni la yule ng'ombe. Nimetumia oktali kwa sababu si kila shell (programu ya kupokea amri) inaelewa \x, namna ya kuandika heksi:

`printf 'ng\342\200\231ombe' > jaribio.bin`

`xxd -g 1 jaribio.bin`

Kinachotoka:

`00000000: 6e 67 e2 80 99 6f 6d 62 65                       ng...ombe`

Lifungue kwenye kihariri unachokitumia. Tafuta ng'ombe kwa ritifaa ya kibodi, kisha nakili neno lenye ritifaa iliyopinda kutoka kwenye simu ulitafute tena. Tazama programu inakuambia nini mara ya kwanza, neno kwa neno. Hayo maneno ndiyo ya kuwatumia watengenezaji, pamoja na ofseti 0x02.